Mteja wa Mzee Mansuri

"Wewe mwenyewe ndiye jini! Wala tusihangaike kutafuta shehe. Jini tunalo humu ndani, linavaa kanga, linatupikia na chai!"

Hivyo ndivyo Anyosisye alivyomwambia Hajira, mchana kweupe, dukani, mbele ya wanawake watatu waliokuja kununua sabuni. Na Hajira naye si mtu wa kuazima ulimi kwa jirani. Akamjibu palepale:

"Jini haliibi chumba cha mtu. Wewe umeiba."

"Chumba nimepewa!"

"Umepewa na mzee anayesahau kufunga zipu."

Wale wanawake wa sabuni wakacheka, halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja, maana waliona alichoshika Anyosisye. Alikuwa amekumbatia nguo nne nyeupe za bafta, mpya, zimekunjwa vizuri. Na hapa Tukuyu hata Mkristo anajua bafta nyeupe iliyokunjwa namna ile ni ya kazi gani. Mmoja akarudisha sabuni yake kwenye kaunta, akatoka hivyohivyo kwenye mvua.

Lakini ugomvi huu haukuanzia pale, na ukiupokea hapo utamwonea mtu. Uanze nyuma.

Hajira aliingia nyumba ile binti wa miaka kumi na minane, sasa ana wajukuu sita. Shule hajaiona hata mlango. Jina lake ukimwandikia atakuuliza hicho ni nini. Lakini kitambaa anakijua. Si unajua nguo ya jora haikatwi na mkasi mpaka mwisho? Unaweka mkato mdogo wa mkasi pembeni, ka! Halafu unashika huku na huku unavuta, chraaa! Basi Hajira umfumbe macho, akisikia ule mchaniko tu atakwambia hiyo ni pima moja, hiyo pima mbili kasoro shubiri. Na tena Waislamu wa hapa si wengi, kwa hiyo akifa mwanamke, Hajira ndiye anayeitwa kuosha na kuvisha sanda. Mikono yake imevisha wengi.

Mumewe ni Yunusu. Miaka arobaini wamelala chumba cha mbele, kile kinachopakana ukuta na duka. Humo kazaa, humo kaugua, humo kalilia waliokufa. Halafu mwaka jana Yunusu, na mvi zake zote, akaenda kumwoa Anyosisye wa kijiji cha Masoko. Mwanamke mrefu kama mgomba uliopata mbolea, mwenye simu inayoita vitenge kutoka Dar kwa basi. Akamleta dukani, wasichana wa mji wakaanza kujaa. Na Yunusu akamwambia Hajira:

"Mama watoto, wewe miguu inakuuma. Hamia kile chumba cha uani, choo kiko karibu."

Choo! Miaka arobaini, malipo yake choo kiko karibu. Hajira akabeba godoro lake. Lakini wivu ni kama moshi wa kuni mbichi, mwenye nao anatoa machozi kabla hujauona.

Sasa ndani ya lile duka, kwenye ukuta ule unaopakana na chumba cha mbele, kuna bango la zamani. Baba yake Yunusu, marehemu Mzee Mansuri, ndiye aliyelipigilia kwenye ubao, ubao ukatungikwa kwenye msumari. Ni la enzi zile serikali ikihimiza watu wanunue vitu vinavyotengenezwa humu nchini. Wapiga picha wa serikali walipita Tukuyu, wakampenda Mansuri kwa meno yake mazuri. Wakamwambia ashike bafta, anyooshe mkono kaunta kama anampa mteja, acheke. Akanyoosha, akacheka. Duka lilikuwa tupu. Hilo Mansuri aliapa mpaka anakufa: siku ile duka lilikuwa tupu.

Bango lilipoletwa, Mansuri yupo vilevile anacheka. Na mbele yake kasimama mwanamke. Kajifunga kitenge cha kijani, kikapu kitupu kwenye kiwiko, mkono mmoja unapokea ile bafta. Uso kaugeuza kidogo kuwatazama watu, kama mtu aliyesikia akiitwa. Waliouliza waliambiwa labda wachapaji ndio waliomchora. Chini kuna maneno, Anyosisye ndiye aliyewahi kumsomea Hajira: NUNUA CHA NYUMBANI, JENGA NCHI YAKO.

Mansuri kwa kujidai alilitundika kwanza chumbani, aamke anajiona. Mwezi haukwisha, mkewe, mama yake Yunusu, akaanza kusema anasikia mtu anachana nguo mchana. Siku ya tano akafa. Hakuumwa. Ndipo Mansuri akalihamishia dukani. Na siku zake za mwisho alimwita Hajira kitandani, akamwambia kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, yule ni mteja. Mimi ndiye niliyemnyooshea mkono. Akiona watu wananunua, anatulia. Usimgeuze uso ukutani hata siku moja. Ukimgeuza atatazama chumbani, na chumbani akimwona mke anayependwa, anampimia nguo."

Hajira akashika hayo maneno. Hakumwambia mtu, hata Yunusu.

Basi Anyosisye alifanya kazi dukani miezi saba bila kujua picha ni ya nani, mpaka siku moja akalitazama bango, akauliza, "Bi mkubwa, huyu mzee anayecheka ni nani?"

"Baba mkwe wako huyo."

Mwanamke wa Kinyakyusa umwambie hivyo! Alijifunika uso kwa kitenge, akatoka kinyumenyume mpaka barazani. Kwao Masoko mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anaingia shambani, anajificha kwenye migomba mpaka mzee apite. Hiyo ni heshima, kalelewa nayo.

Hajira akacheka. "Amekufa huyo, gwe! Anakuona wapi?"

"Mma, hapana, bi mkubwa. Akifa si ndiyo anaona zaidi?"

Kesho yake Hajira alipokuja kufungua dirisha la duka, aliona ubao wa nyuma tu, mweusi, una utando wa buibui. Bango limegeuzwa. Uso wa mkwe uko ukutani, na mtoto wa watu yuko kaunta anapanga vitenge, roho imetulia, anajiona kafanya adabu.

Hajira alisimama pale na ufunguo mkononi. Angeweza kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akatazama mlango wa chumba cha mbele, akaona pazia jipya la maua, lake la zamani limetolewa limefanywa dekio. Neno likarudi lilikotoka. Akaenda jikoni kubandika chai.

Siku ya kwanza ilikuwa saa saba mchana. Yunusu alikuwa msikitini, ukungu umeshuka barabarani mpaka huoni duka la ng'ambo, hakuna mteja. Hajira alikuwa uani anachambua mboga. Akasikia: ka! Halafu: chraaa. Si nyingi. Pima moja hivi. Kisha harufu ikamfikia, ya bafta mpya, ile ya wanga unaotiwa nguo, imechanganyika na gundi ya karatasi kuukuu.

Anyosisye akachungulia kutoka chumba cha mbele, alikuwa amejipumzisha. "Bi mkubwa, unachana nini?"

"Mimi? Nachana mchicha."

"Nimesikia nyuma ya ukuta wangu."

"Panya hao," akasema Hajira. Na moyoni akahesabu: moja.

Maana sanda ya mwanaume ni nguo tatu, ya mwanamke ni tano. Saruni, kanzu, ushungi, na shuka mbili za kumviringisha. Nani anajua hilo kuliko yeye?

Siku ya pili, saa ileile, ikachanwa ya pili. Anyosisye akaja jikoni, akasimama karibu na moto ingawa yeye si mtu wa baridi. Akauliza polepole, "Bi mkubwa, mbona vitenge vyangu vipya vimelowa? Nimefungua mzigo wa jana, vyote vina maji, na mvua haijaingia. Vinanuka kama nguo ya mgonjwa."

"Vya nje hivyo. Havijazoea Tukuyu."

Lakini usifikiri Hajira alikuwa na raha. Alikuwa na wivu juu ya wivu. Maana alikumbuka neno la Mansuri, mke anayependwa. Akalala usiku ule anajigeuza kwenye godoro lake, anawaza: kumbe hata jini limejua nani anapendwa. Mimi nimekaa ukuta mmoja na bango lile miaka arobaini. Lakini lilikuwa linatazama dukani, akajijibu. Lilikuwa linatazama dukani, halikuniona. Na lingeniona je, lingenipimia? Akafika mahali pa kumwonea mwenzake gere hata kwa kifo. Astaghafiru Allah. Mtu na akili zake!

Siku ya tatu Anyosisye hakuinuka kwenda dukani. Midomo ilikuwa imepauka, anasema miguu ina baridi, imeanzia nyayo inapanda, imefika magotini. Yunusu akakaa kitandani anamkanda, na Hajira akapita na beseni akaona vile vidole vya mzee kwenye mguu wa mwenzake, akapita tena bila beseni. Saa saba ikachanwa ya tatu. Safari hii Yunusu alikuwepo, na hakusikia kitu.

"Hukusikia, mume wangu?" Anyosisye akamnong'oneza.

"Kusikia nini?"

"Nguo."

"Duka la nguo hili, wewe! Unataka usikie nini, ng'ombe?"

Hajira mlangoni alisikia. Yeye na Anyosisye tu ndio waliosikia mchaniko, na hilo lilimkaa vibaya, maana alikuwa anajiuliza tangu asubuhi mbona yeye anasikia, yeye ambaye hakupimiwa. Akajipa jibu la haraka, kwamba ni kwa sababu ya sikio lake la jora. Akalishika jibu hilo kama mtu anayeshika jani la mgomba akiteleza.

Siku ya nne ndiyo siku ya ugomvi. Mchaniko ulikuwa mrefu, wa shuka, chraaaaa, ukawa kama unapita katikati ya ukuta. Anyosisye akaanguka kutoka kitandani kwa hofu, na akiwa pale chini akaziona. Uvunguni, mahali alipofagia asubuhi kwa mkono wake, nguo nne nyeupe, moja juu ya nyingine. Akazikumbatia, akatoka nazo mpaka dukani anayumba, akamkuta Hajira anauza sabuni, na ndipo akasema yale niliyoanza nayo, kwamba wewe mwenyewe ndiye jini.

"Nani Tukuyu nzima anakunja sanda hivi?" akalia. "Nani kama si wewe? Unanichania sanda ningali hai, ili urudi chumbani kwako!"

"Sijaigusa bafta hiyo. Naapa kwa aliyeniumba."

"Rudi basi! Rudi, kichukue! Unafikiri nakula asali humo? Miezi saba nalala na mume wako, na kila siku usingizini anaita Hajira! Hajira, funga mlango. Hajira, mvua inaingia. Hajira, njoo, miguu yangu. Mimi namkanda, yeye anamshukuru Hajira! Hata ukuta umechoka kulisikia jina lako!"

Wale wanawake wawili waliobaki wakatazama chini.

Hajira, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichompata kilikuwa furaha. Ilimpanda kama maji ya moto kifuani. Ananiita! Miezi yote hii anakula moyo wake kwa chumvi, kumbe anaitwa. Na furaha haijafika shingoni ikageuka barafu. Hata ukuta umelisikia.

Akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo shuka."

"Usiniguse!"

"Lete, nimekwambia."

Anyosisye akazibwaga zote nne kaunta, Hajira akaichukua shuka, akaikunjua, akaipima kwa mkono kama anavyopima siku zote, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Sanda hupimwa urefu wa maiti, unaongeza kidogo kichwani na kidogo miguuni, pa kufungia. Anyosisye ni mrefu anainama mlangoni. Shuka ile ikimfunika itamwacha miguu nje. Hajira akaisimamisha kifuani pake mwenyewe, ncha moja juu ya utosi, ncha nyingine sakafuni. Ikatosha. Na pa kufungia pamebaki.

"Si yako," akasema. "Mwenzangu, wewe umelala mahali pangu tu, si yako. Ni yangu."

Wale wanawake wakatoka bila sabuni wala kuaga, duka likabaki tupu, ukungu ukaingia mpaka kwenye kaunta, na hapohapo, haikungoja kesho, haikungoja saa saba, nyuma ya ule ubao mweusi ikasikika ka! ya mkasi, karibu kabisa, na Hajira akaikimbilia ile sauti badala ya kuikimbia, miguu yake mibovu ikipiga magunia na ndoo, harufu ya wanga na gundi imemjaa puani mpaka mdomo ukawa na ladha ya karatasi, na uzi wa kwanza wa bafta ukaanza kukatika, na wa pili, polepole, kama mtu anayechana huku anamtazama usoni, naye akaushika ubao kwa mikono miwili akakuta ni wa baridi kama jiwe la mtoni na mzito kama una mtu amening'inia upande wa pili, akavuta, akaita Bismillahi, akamwita Mansuri, akamwita na Anyosisye, "Nishikie, mdogo wangu, nishikie!" na Anyosisye, ambaye anaogopa uso wa mkwe kuliko kifo, akafumba macho yake akaja akashika, wakaligeuza.

Mchaniko ukakoma katikati.

Mzee Mansuri alikuwa anacheka kama siku zote. Mwanamke wa kitenge cha kijani alikuwa anawatazama. Ile shuka Hajira alikuwa ameitupia begani, akashusha macho, bega likawa tupu. Kaunta pia, tupu. Akainua macho tena. Kile kikapu, ambacho tangu enzi zile hakikuwa na kitu, kilikuwa na nguo nyeupe zimekunjwa vizuri. Nne. Na ile bafta mkononi mwa Mansuri ilikuwa na mkato pembeni, imechanika nusu.

Anyosisye hakulala Tukuyu siku ile. Jioni alikuwa Masoko kwa mama yake.

Akaitwa Mwalimu Uwesu wa madrasa, akasoma, akafukiza ubani siku tatu. Siku ya tatu akakunja msala wake, akamwambia Hajira nje, chini ya mabati:

"Mama, nisikudanganye. Anayevamia hufukuzwa. Huyu alinyooshewa mkono, akapokea. Mteja unamfukuzaje? Ukilichoma bango atakosa pa kukaa, atahamia kwa mtu. Jitahidini duka lisikae tupu."

Lisikae tupu! Na wale wanawake wa sabuni wameshatangaza mpaka Nkunga. Na wasichana waliokuwa wanakuja, walikuwa wanamfuata Anyosisye na vitenge vyake. Sasa zipo siku mvua inapiga tangu asubuhi, hakuna anayekanyaga baraza, na Hajira amekaa peke yake kaunta mgongo ukutani, hathubutu kugeuka, anasikia nyuzi. Uzi mmoja. Baada ya muda, mwingine.

Yunusu kamrudisha chumba cha mbele. Ndiyo, lile alilolililia miezi yote ile kalipata. Halali. Anajaribu achukiwe. Anamtilia mzee chumvi kwenye chai, anamfokea mbele za watu, anamfichia viatu siku ya Ijumaa. Mzee anakunywa ile chai ya chumvi, anafuta mdomo, anasema, "Ndaga, asante, Hajira. Nani angenivumilia kama wewe?" Na ukutani, ka!

Kwa hiyo wewe unayeshuka Masoko kesho, nakutuma, usilipunguze neno. Mtafute Anyosisye kwa mama yake. Mwambie Hajira amesema, tena amesema kwa machozi, siyo kwa mdomo tu: arudi. Chumba cha mbele ni chake, kitanda ni chake, pazia la maua limefuliwa lipo. Uso wa mkwe ameufunika kwa leso, asiuogope, wa yule mwingine ndio ulioachwa wazi uone watu. Mwambie Hajira aliona bango limegeuzwa siku ile ya kwanza akanyamaza, na anaomba msamaha wa kunyamaza. Aje na vitenge vyake, hata vya nje, aje na wasichana wake na kelele zao.

Na ukirudi hapa Tukuyu, ingia dukani kwa Yunusu. Nunua chochote, hata kiberiti. Usikitazame kikapu, na ukikitazama usihesabu kwa sauti. Halafu utakayekutana naye njiani, wa Matwebe, wa Nkunga, wa popote, naye mwambie aingie, anunue.